Sahani ya Saba

Baba Clovis,

Niko sokoni. Batoto bako kwa Mama Ngalula, ukifika ubaite. Samaki iko mu chungu. Ufunike muzuri, paka ya jirani ni mwizi.

Sasa masomo ya Clovis ya saa nane. Ufunge mulango kama siku zote, sababu bageni banasumbua... Hapana, nakata maneno hayo. Uache wazi! Na ile filimbi yako ya reli ibakie mu mufuko. Mutoto si treni.

Sikia habari. Asubuhi nilifunga mulango vile uliagiza. Clovis hakusema hesabu hata moja, alitazama mulango tu. Nikaogopa: Jumatatu Padri atamupima hesabu, akishindwa atangoja mwaka muzima kuingia shule. Halafu Mama Ngalula akabisha, na batoto bake babili. Ningemuacha inje na habari yote ile ya arusi ya mudogo wake Germaine? Nikamwambia Clovis apange sahani za viazi. Pamoja na dada yake mudogo tulikuwa sita, akaweka saba.

"Umekosa," nikasema.

"Hii ni ya baba. Iko kazini, lakini atarudi."

Nikamuuliza, "Bageni batatu bakienda, sahani ngapi zitabakia?"

"Ine." Bila kutazama vidole!

Ile hesabu ya kutoa unayomupigia filimbi tangu Pasaka, aliijua siku gani? Ao anaijua tu bantu bakiwa bengi? Mimi nataka kujua. Basi nimeita bageni saa nane. Usimwambie ni bangapi. Apange sahani, wewe unyamaze.

Viazi vyako viko hapa mezani, mu sahani ya saba. Alikataza muntu yeyote kuigusa.

Mama Clovis