Aliyefungua Geti Kisugu

Jumatatu, 3 Machi
Shuka zimejaa kambani na mawingu yamefunga. Vyumba vimejaa tena. Nilipotoka Kitale kuja kuajiriwa hapa Uganda, kwenye nyumba hii ya wageni ya Kisugu, mgeni alikuwa mzungu wa kwenda kuona sokwe. Analala, kesho hayupo. Siku hizi wanakaa. Wanataka boda, rolex za Wandegeya, yaani chapati zilizokunjwa na mayai, picha za soko la Nateete. Wakenya wenzangu wanafurika wikendi. Waganda wenyewe wameanza kutalii. Mama Akello, mwenye nyumba, anajenga vyumba vingine nyuma.

Mgeni mmoja kamsifu mzee aliyembebea begi getini. Nikatabasamu tu. Hatuna mzee getini. Mlinzi wetu huingia jioni, tena ni kijana.

Alhamisi, 6 Machi
Wawili tena wamemtaja mzee. Mjerumani asubuhi, mwalimu kutoka Mbarara mchana. Hawajuani. Maelezo yaleyale: mrefu, anachechemea, koti la jeshi lililopauka. Anasema, "Karibu nyumbani."

Nimekagua geti. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia Mama. Nilidhani atanifukuza. Akaketi kwenye ngazi.

Ni mumewe. Sajini. Mguu uliumia vitani kaskazini. Nyumba ya wageni ilikuwa ndoto yake ya kustaafu; akafa kabla mgeni wa kwanza hajafika. Amezikwa kwao Kitgum.

"Mimi napita hapo kila siku," Mama akasema. "Mbona mimi hapana ona yeye?"

Nilitamani nisingesema.

Jumatano, 12 Machi
Habari imefika mtandaoni. Simu haipoi. Wanaulizia "nyumba ya mzee". Shemeji yake Mama anataka tuitangaze, eti watalii wa leo wanapenda mambo hayo.

"Huyo si mnyama wa mbuga," Mama akamjibu.

Tangu alfajiri Mama amesimama getini. Ananyeshewa. Hali chakula. Wageni wakiingia wanamsalimia yeye, kisha wanageuka kumsalimia mtu wa kando yake. Nimeona kwa macho yangu. Kando yake hapana mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Mama ameamka na homa. Nikampelekea uji. Akaniuliza, huyu anapokea nani hasa? Nikamjibu. Wanaotoka safarini. Wenye mizigo. Mama tangu amzike mumewe hajalala nje ya nyumba hii.

Akainuka, akapanga begi. Anakwenda Jinja kuona chanzo cha Nile. Maisha yake yote Uganda, hajawahi kukiona. Nikamsihi apone kwanza. Hakusikia. Ameondoka kavaa gauni la kanisani.

Wageni wa leo wamefunguliwa geti na mimi. Hakuna aliyemtaja mzee.

Jumamosi, 15 Machi
Simu ya Mama haipatikani. Geti kimya. Nimejawa na wazo baya: kwamba wamekwenda wote wawili.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imekatika. Nilikuwa jikoni namenya matoke. Nikasikia komeo likivutwa.

Sikwenda kutazama.

Begi likawekwa barazani, taratibu. Kisha mazungumzo kwa Kiacholi. Sauti niliyoisikia ni ya Mama tu, lakini alikuwa ananyamaza kama mtu anayejibiwa. Mara moja akacheka.

Aliingia peke yake. Homa imemtoka. Akavua viatu, akaketi kwenye kigoda.

"Amezeeka," akasema.

Nikainjika chai.