Meli Isiyotakiwa Kupiga Kelele

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikitaraji mguu wako umepoa, na Mama kifua kimemwachia. Mimi mzima, alhamdulillah, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Uliniuliza kwenye simu tunaunda nini, nikakujibu meli, ukacheka kuwa hata kwetu Tumbe vyombo vinaundwa. Hii yetu, Baba, inaundwa isipige kelele chini ya maji. Rafadha, ile feni inayosukuma chombo, ni kubwa na inazunguka polepole, maana ikienda mbio hutoa mapovu yanayopasuka kwa kishindo. Injini nayo imekalishwa juu ya mipira mizito, mtetemo usishuke majini. Yote hayo ili nyangumi na samaki wasikilizane. Najua utasema watu wa huku wameshiba.

Siku ya kuipima walishusha vinasa sauti baharini, tukaambiwa hata kukohoa tukohoe kwa adabu. Na mimi siku hiyohiyo nangoja kuambiwa napewa mkataba au narudishwa nyumbani. Nimesimama ubavuni mwa meli, nikaona kundi la samaki limejaa linang'ara. Wallahi sikukusudia. Mkono huu ulioufunza wewe ulikamata spana ukagonga bodi, ko ko ko, kama tunavyogonga mtumbwi kuwasukumia samaki wavuni. Na wavu wenyewe hakuna!

Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka, akasema kuna kitu kimelegea kwenye injini. Wakaanza kufungua. Saa mbili nzima nawashikia taa, jasho linanitoka na baridi ile. Walipotaka kuing'oa mashine yote nikaogopa dhambi, nikasema ni mimi, nikawaeleza na uvuvi wetu.

Akaniuliza, "Na samaki walikimbia?"

"Hakubaki hata mmoja."

Akaandika. Akasema basi angalau mtu mmoja hapa anajua kelele inawafanya nini samaki. Mkataba nimepata, ila umeongezwa kifungu kwa ajili yangu peke yangu: siku ya kupima, nibaki nchi kavu. Nilifurahi, kisha nikakumbuka ni miaka miwili mingine bila ya kukuona, nikaenda chooni nikalia.

Nisalimie Mama, na shangazi yangu Bi Mize, na ndugu yangu Faki aliyekaa nafasi yangu mtumbwini. Mwambie agonge kwa nguvu, agonge na sehemu yangu, mimi huku nimekatazwa.

Mwanao akuombeaye dua,
Khamis