Kioo au Koki

Section 58,
Nakuru.
Jumapili jioni, Agosti.

Dada yangu mpendwa Truphosa,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na shemeji na mwanenu Valarie. Naomba barua hii iwakute mkiwa wazima huko Kamere, na kifua chako kiwe kimepata nafuu sasa kwa kuwa baridi ya Julai imepungua. Sisi huku tu salama, ila vumbi limetuandama, na mimi mwenyewe nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Huenda ukashangaa kwa nini naandika ilhali simu ipo. Kwenye simu ungenicheka, ungeniuliza nimekula nini, na mazungumzo yangeishia hapo.

Unaifahamu kazi tunayoifanya na Wanyoike katika karakana yetu: makasha ya kompyuta zinazopozwa kwa maji. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi hadi nimelichoka, kwamba maji huzunguka katika mipira myembamba, huchukua joto la mashine na kulipeleka kwenye rejeta ndogo iliyo kama ya gari, ili studio kama yako, inayohariri video za harusi mchana kutwa, isizimikiwe na kompyuta katikati ya kazi. Wanyoike, aliyeanza kwa kuchomelea matrela ya ngano Mau Narok, bado huwatania wateja kama muuza matangi ya mapambo, akiwauliza kama wanataka kasha lenye samaki au lisilo na samaki.

Mwezi wa tatu tuligawa makasha ya majaribio kwa watu wachache, nawe ukiwemo, ili myatumie kisha mtueleze kasoro zake. Mkutano wa maoni tuliufanya katika ukumbi wa kanisa, na hapo ndipo tulipokosea. Tulianza kwa maombi, tukawapa watu chai, kisha tukawataka wasimame mmoja mmoja. Ni nani angesimama mbele ya mchungaji, kikombe chetu kikiwa mkononi, aseme kwamba kazi ya binti Makokha ina dosari? Wewe ulisimama wa kwanza, ukasema kasha ni zuri na Mungu azidi kutubariki. Waliokufuata walishukuru vivyo hivyo, kisha wakaomba nyongeza. Ogada, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, alitaka kioo ubavuni na taa za rangi, akidai kwamba vijana hawalipii giza. Wote waliobaki wakakitaka kioo.

Sasa nikueleze kilichoninyima raha. Bei tuliyoahidi haiwezi kubeba kila kitu. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na koki chini ya kasha, ya kutolea maji yaliyochakaa, na sahani ya bati ya kuyatenga maji na kikasha cha umeme. Gharama ya vitu hivyo viwili inakaribia ile ya kioo na taa zake. Makasha ya majaribio tuliyatoa bila vitu hivyo ili kuokoa muda, na katika mkutano koki haikutajwa na mtu yeyote. Kamande, mwenye duka mjini, ambaye amekubali kuyachukua makasha yote ya awamu ya kwanza, aliniuliza, "Msichana wa Makokha, hiyo koki utaipiga picha uiweke wapi?" Wanyoike akacheka, nami nikacheka, na koki ikafutwa pamoja na sahani yake. Nilijiambia kwamba nimewasikiliza watumiaji.

Dada, wiki iliyopita nilipokuja kwako, ukiwa jikoni unageuza samaki, niliingia studio. Kasha letu lilikuwa juu ya meza, limepanguswa, limetandikwa kile kitambaa chako cha kufuma, na waya zimechomekwa zote. Nililigusa, nikalikuta baridi. Kwa dakika nzima nilijivunia kazi yangu. Kisha nikasikia mvumo chini ya meza, nikainama, nikaliona kasha lako la zamani likifanya kazi kwa bidii, limefichwa nyuma ya pazia.

Shemeji alinikuta nimepiga magoti. Alicheka kidogo, akaufunga mlango. "Shem, basi umeipata. Kabla ya ule mkutano wenu tuliilaza ubavu tumwage maji kama beseni, ikasema paa! Nyumba nzima giza. Dadako akaniapisha nisikuambie. Kila ukija ndio tunaitoa kabatini."

Nilikuja mezani, nikala, nikamsifu samaki kama ulivyolisifu kasha. Nami nimelelewa nyumba ile ile.

Niliporudi Nakuru nilimwendea Ogada peke yake. Alizunguka sana, akaongelea mvua na bei ya stima, mwishowe akakiri kwamba lake liliungua vivyo hivyo, nalo kabla ya mkutano. Aliniuliza ni nani angesimama kunikosoa baada ya dada yangu wa damu kusifu.

Nimesimamisha ukataji wa mabati. Kamande anasema bila kioo hanunui hata kasha moja, isipokuwa watumiaji wenyewe wamwambie mbele yake kwamba wanahitaji koki kuliko kioo. Kwa hiyo tutakutana tena Jumamosi. Safari hii tutakutana karakanani, na chai itatolewa watu wakishamaliza kusema. Wengine watakuangalia wewe, kama walivyofanya siku ile. Nakuomba usimame wa kwanza, useme kilichotokea mezani kwako. Ukishindwa, sitakutaja kwa jina, wala sitakulaumu. Lakini sitatia kioo mahali pa koki nikijua mashine za watu zitaungua; nitauondoa mchoro wangu, na karakana tutaifunga, kwa maana hatuna mnunuzi mwingine. Wanyoike tayari nimemweleza hivyo.

Najua ulificha kwa upendo. Uliona nimekonda kwa kazi hii, ukaogopa kuniongezea mzigo. Ila sifa zako, dada, zilikuwa karibu kuwafikia watu ambao hawana kasha la pili chini ya meza.

Kompyuta yako tutaitengeneza, na hilo halina mjadala. Nisalimie Valarie, mwambie asome. Shemeji usimgombeze, nilikwisha kuona kabla hajafungua mdomo. Jumamosi tunaanza saa nne asubuhi. Nimekuwekea kiti karibu na Kamande.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Trizah Makokha