Mgagani wa Bomani

Jumanne.

Nimekwenda tu, ningefanyaje. Nesi kasema mwanangu Zaina damu imepungua, na mimba imeshakuwa kubwa. Jua limekausha mboga zote. Mgagani umebaki kwenye samadi, bomani kwa jirani yetu Mmasai, Mama Saitoti. Tangu ng'ombe wake walipokula mahindi yangu sikuwa namsalimia.

"Walikula kwako, na wewe njoo ule kwao," akaniambia, huku akinisaidia kuchuma.

Nimeupika kwa karanga. Kama kweli unaongeza damu sijui, vidonge vya nesi anameza vilevile. Ijumaa atapimwa tena. Naogopa.

Bakuli kalimaliza, akauliza kama upo mwingine. Kesho nitarudi bomani, nitaanza mimi kusalimia.