Mtani, Fimbo Yako Bado Ninayo

Mtani Yona,

Mbukwa. Nakusalimia kwa Kigogo chenu, maana nikianza na salamu za Kiislamu utasema nimekuja kukopa.

Nakuandikia nikiwa dukani kwenye cherehani, dirisha limefungwa, na sababu unaijua. Upepo wa leo unatoka upande wa mabwawa ya majitaka na harufu imeingia mpaka kwenye chai. Mama Hadija amefukiza udi, kwa hiyo sasa tunanusa vyote viwili. Ungekuwepo ungeziba pua kwa kofia yako na kuniuliza kama ulivyoniuliza kila ulipoleta maziwa: "Hivi nyie Wanyamwezi, babu zenu walitembea kwa miguu kutoka Tabora ili waje wakae hapa?" Nami ningekujibu kwamba babu zangu walikuwa wapita njia tu na mizigo yao kichwani, ila babu zako waliwatoza hongo ya njia kwenye kila kisima mpaka wakakosa cha kurudia kwao.

Nianze na habari za kwako. Mama Neema hajambo, ila bado anasonga na ugali wako, halafu anaukasirikia. Neema amerudi kukaa naye na ndiye anayeleta maziwa siku hizi, kwa pikipiki. Maziwa ni yale yale. Lakini huyu binti ana adabu mno, Yona. Anaamkia, anamimina, anaondoka. Sijatukanwa na mtu tangu tukuzike, na sikujua kama mtu anaweza kuyatamani matusi hivyo. Nakukumbuka sana.

Msiba wako ulikwenda vizuri. Nilifanya kazi yangu ya utani yote. Nilivaa kofia yako, nikakohoa kama wewe, nikapita nikiwasalimia waombolezaji kwa ile sauti yako ya mtu anayeita ndama. Walicheka huku wanalia. Mama Neema mwenyewe alicheka, akanipiga na kanga. Kisha nikaichukua fimbo yako pale mlangoni, nikasema siitoi mpaka nikombolewe kwa jogoo. Wakaniletea jogoo. Nikasema huyu amekonda kama marehemu, mnenepesheni kwanza. Nikaondoka na fimbo.

Sasa nikueleze la kilima, maana najua ndilo unalolingoja.

Unakumbuka asubuhi ile ulipokuja na maziwa bila utani wowote. Ulikaa kwenye kigoda, ukasema, "Mtani, wanataka kutuletea mabwawa yenu." Mji umekua, mabwawa ya huku kwetu yamejaa, na waliopima wamekiona kilima chenu kilivyo kipana na kitupu. Kitupu! Kilima ambacho kijiji kizima mlikifunga wenyewe wakati makorongo yalipokuwa yanakula mashamba, mkakubaliana kwamba hata mbuzi asikanyage. Siku ndama wako walipoponyoka wakaingia humo, walinzi wa msitu waliwakamata kama ndama wa mtu mwingine yeyote, na wewe, mjumbe wa kamati, ukatoa mbuzi wa faini mbele ya watu, huku unawapongeza walinzi. Nilikucheka mwezi mzima. Lakini ulinipeleka kuona nyasi zilivyorudi, na ile chemchemi ya chini inayotoa maji mpaka kiangazi kikali, na Mama Neema akachuma mlenda tukala jioni. Sikutania siku ile.

Asubuhi ile ya kigoda, wewe ndiye uliyenijibia. "Najua unafurahi," ulisema. "Ningekuwa wewe, ningefurahi." Ukanywa chai yako, ukaenda kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaandaa watu kwa mkutano. Kifua kikakubana, ukatutoka kabla ya siku yenyewe.

Mkutano ulifanyika kijijini kwenu, pale mbele ya ofisi. Sisi wa mtaani tulialikwa kueleza shida yetu, na mwenyekiti wetu akanichagua mimi, kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya kwanza kutoka mabwawani na mdomo ninao. Mama Hadija alinifungia kifungo cha kanzu akasema, "Sema vizuri, Baba Hadija. Tumechoka." Ni kweli tumechoka. Yeye hajawahi kuanika nguo nje siku ya upepo tangu nimuoe. Wajukuu wakija wanaomba kurudi kwao.

Nilikwenda na fimbo yako. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu nikimaliza mkutano nipite kwako nidai jogoo wangu. Lakini nilipoingia nayo uwanjani watu waliitazama, na Mama Neema akajifunika uso.

Afisa aliyekuja alikuwa kijana mstaarabu, sina neno baya juu yake. Alieleza kwa ramani kwamba maji machafu lazima yaende mahali, na hilo nani atabisha? Wazee wenu wakazungumza juu ya nyasi na chemchemi, kwa upole mno, vichwa chini, kama watu wanaoomba radhi. Ningekuwa na uwezo ningekufufua uje uwagombeze. Kisha mwenyekiti wetu akaniita.

Nikasimama. Nikawasalimia wote, "Mbukwenyi!" Wakaitikia. Nikasema mimi ni mtani wao, mjukuu wa wale wapagazi. "Hawa Wagogo nimewatukana maisha yangu yote, na Mungu akinijalia nitaendelea." Wakacheka, na afisa akacheka. "Babu zao waliwatoza babu zangu hongo, lakini waliwapa maji ya kunywa. Leo sisi wajukuu tuje tuwalipe kwa kinyesi? Utani una mipaka. Nimewatukana, lakini kuwamwagia mavi sijawahi, na sianzi leo."

Afisa akaniuliza kwa heshima kabisa, "Sasa mzee, unataka yabaki kwako?"

Hapo, Yona, nilishika fimbo yako kwa mikono miwili. Niliona dirisha langu. Niliona nguo za Mama Hadija zimetundikwa chumbani. Nikasema hapana, sitaki yabaki, watafute mahali ambapo hakuna watu waliojinyima malisho na kuni ili pawe hivyo palivyo. Na mpaka watakapopata, nitanusa mimi. Nimeshazoea, hawa hawajazoea. Nikakaa.

Baada yangu wazee wako wakaomba kusema tena, safari hii vichwa juu. Mwisho afisa akasema watarudi kutazama eneo jingine. Hawajatoa jibu. Vigingi vyao vyenye rangi nyekundu bado vimesimama kilimani, na sitakudanganya kwamba tumeshinda.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mwenyekiti anaitikia salamu zangu huku anatazama pembeni. Mama Hadija alisema jambo moja tu: "Ungeniuliza kwanza." Ana haki, nami nimemwambia ana haki. Kisha jana alinituma udi mwingine sokoni, akaongeza, "Nunua mwingi, maana naona tutakaa." Nimelichukua hilo kuwa msamaha, au mwanzo wake.

Na jogoo? Siku ile ile Mama Neema alimleta. Mnene, Yona, anajikokota, sijaona jogoo wa namna ile. Nikamtazama huku na huku nikasema, "Huyu bado amekonda." Mama Neema akanielewa. Akamrudisha bandani, akanipa bakuli la mlenda mkavu nipeleke nyumbani.

Kwa hiyo fimbo yako bado ninayo, imeegemea hapa karibu na cherehani. Naahidi hivi: siku vigingi vile vitakapong'olewa, nitaipandisha kilimani kwa mkono wangu, nishuke nayo mpaka kwako, nimle yule jogoo mbele ya kaburi lako bila kukubakizia hata shingo. Nikitangulia kufa, Hadija ameshaambiwa kazi ni yake.

Kuna jambo nimekuficha mpaka mwisho kwa sababu najua utakavyocheka. Tangu mkutano ule, mtaani hapa hawaniiti tena kwa jina langu. Nikipita wananiambia, "Haya, Mgogo, nusa." Maisha yote nimepigana nisikuachie ushindi, umekuja kunishinda ukiwa kaburini.

Lala salama, Yona. Lala hapo hapo ulipo, chini ya kilima chako.

Ni mimi mtani wako,
Ramadhani Mgogo