Amin Tuliyoitikia Msambweni

Kibuyuni,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwako mdogo wangu Luqman,

Assalaam aleikum warahmatullah. Shikamoo yako niliyoletewa na Jaafar alipotoka Nairobi imenifikia, na marahaba yake nakuandikia kwa mkono, maana ya simu hukatika kabla sijamaliza kukuombea. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo Twaiba na watoto, na kwamba baridi ya huko haijakurudishia kile kikohozi chako. Sisi hapa hatujambo kwa uwezo wa Mola. Goti la mama humsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Mwani msimu huu umekubali sana, vichanja vya kuanikia vimejaa mpaka tumeazima uani kwa Kavenya, jirani yetu wa Kikamba, ambaye siku hizi anafunga mwani kutushinda sisi tuliozaliwa na maji miguuni. Anasema mahindi humfanya akodolee mawingu macho mwaka mzima, lakini mwani hauna makuu.

Hizo ni salamu, na nimezitoa kwa moyo safi. Sasa kaa kitako, maana nimekasirika, na hasira zangu unazijua tangu nikikuogesha kwa nguvu.

Unakumbuka Rais alipokuja Msambweni. Wewe hukuja naye, ulisema una kazi ofisini kwake. Basi nikueleze tuliyoyaona sisi tuliokuwa uwanjani. Alishuka garini amejifunga leso kiunoni kama anayekwenda kusaidia kupika harusini, na wanawake tukapiga vigelegele kabla hajafungua kinywa. Nami nilipiga, sijitoi. Nilisema moyoni, leo tumepata rais mwanamke anayejua leso hufungwa vipi, huyu hatatuonea. Mama alipewa kiti cha mbele kabisa kwa ajili ya uzee wake, akavaa lile buibui ulilomletea siku ya Idi.

Alianza na neno “sisi”. Sisi tuliosahauliwa, sisi tuliodharauliwa, sisi watu wa Pwani. Amezaliwa mbali na bahari, lakini muda si muda alikuwa ameshalowa pamoja nasi. Kisha akaingia kwenye maswali. Alituuliza kama tunataka vijana wetu wakae vibarazani au wafanye kazi, tukajibu wafanye kazi. Akatuuliza kama tunataka hospitali yenye dawa au isiyo na dawa. Luqman, nani duniani atajibu kwamba anataka hospitali isiyo na dawa? Lakini tulijibu, tena kwa sauti, na kila tulipojibu tukazidi kuzoea kujibu. Halafu akasema wapo watu wachache wasiopenda maendeleo. Hakuwataja. Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, nami nikafurahi kwamba si mimi anayesemwa, kumbe ndimi hasa.

Kuhusu ufuo wetu alisema maneno machache tu, kwamba utafunguliwa kwa dunia nzima. Hakusema gati la boti za watalii. Hakusema ua wa waya utakaopita katikati ya vigingi vyetu, wala kwamba wanawake wa kikundi cha mwani hawatakanyaga tena pale maji yakitoka. Tulipiga makofi. Mtu akikwambia nyumba yako itafunguliwa, unafikiri utapata upepo.

Ndipo akanyamaza, akainua mikono, akaomba. Aliomba Mola atupe riziki ya maji isiyokauka na riziki ya nchi kavu isiyo na husuda, atufungulie ufuo wetu kwa heri, na ampe nguvu aliyebeba mzigo wetu. Huhitaji kuambiwa kwa nini mama alilia. Ilikuwa dua ya baba. Ile aliyokuwa akiisoma marehemu amesimama majini, siku ya kwanza ya kufunga mbegu, na sisi tumeshika kamba nyuma yake. Haimo kitabuni, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mama tangu siku ile anaamini kwamba Rais aliwahi kusikia habari za mumewe, na amewaambia hivyo majirani wote mpaka wamechoka kumsikia.

Na wewe unatujua. Kwetu dua ikiombwa, mikono hupanda kabla akili haijaulizwa. Si suala la kukubali wala kukataa, ni adabu. Anayenyamaza dua ikiombwa huonekana ana kinyongo na Mungu au na jirani. Uwanja mzima ukaitikia, Waislamu kwa amin yao, Wakamba kwa amina yao, na ile sauti tukaisikia tumboni. Nilirudi nyumbani na raha, Mungu anisamehe.

Baadaye wakaja wa kikao cha kukusanya maoni. Sheria inasema tuulizwe kabla ufuo haujachukuliwa, nasi tulijiandaa. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, mimi na mama, wanawake wa mwani, wavuvi, na watu wa mashamba ya juu ambao huteremka kununua samaki. Afisa aliyetumwa kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye suti, akatuambia kwamba kikao ni cha taratibu tu, kwa sababu wananchi walishaulizwa na Rais mwenyewe, na walishajibu. Tukamuuliza tulijibu lini. Akatoa spika ndogo, akaiunganisha na simu yake, na ile dua ikasikika darasani, halafu amin yetu. Akaizima, akasema hakuna ushahidi wa ridhaa ulio wazi kuliko huo.

Kavenya ndiye aliyesimama kwanza. Alisema, “Kila Jumapili mchungaji anaomba Bwana avitwae vyote nilivyo navyo, na mimi naitikia amina kwa nguvu zangu zote. Jioni narudi nyumbani nawakuta mbuzi wangu. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuwachukua akisema niliitikia.”

Tulicheka, na yule afisa akacheka pamoja nasi, akamshukuru Kavenya kwa mchango wake, wala hakuandika kitu. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Zamani, alivyokuwa akisimulia baba, watu waliamriwa tu. Rais akisema, imekwisha. Baba alipanga foleni juani kuipigia kura katiba hii, akarudi akasema sasa tutaulizwa. Na kweli tunaulizwa, mdogo wangu. Tunaulizwa kwa namna ambayo jibu limeshawekwa kinywani mwetu kabla hatujafika uwanjani, halafu tunachezewa sauti zetu wenyewe kama ushahidi dhidi yetu. Afadhali yule wa zamani aliyetuamuru. Yeye angalau hakutushirikisha katika kujinyang’anya.

Lakini si hilo lililoniketisha kuandika. Mmoja wa wavuvi alidai irudiwe ile sauti, akisema labda ni ya mkutano mwingine. Afisa akairudia, safari hii kwa sauti ya juu. Na mbele ya amin za watu wote, karibu kabisa na kipaza sauti cha uwanjani, ikasikika amin moja ya kizee, iliyotangulia na kuvutwa kwa kilio. Darasa zima liliijua. Watu wakageuka kumtazama mama, na mama alikuwa ameketi pale pale kwenye dawati, buibui lile lile la Idi. Aliniomba nimshike mkono twende nyumbani.

Tangu siku hiyo mama haitikii dua. Juzi palikuwa na hitma nyumbani kwa jirani Shutu, imamu akaomba, mikono ya watu wote ikapanda, na ya mama ikabaki mapajani. Nilimgusa nikidhani amesinzia. Aliniambia kwa sauti ya chini, “Amin yangu mimi imefukuza wanawake majini. Sijui nyingine itafukuza nani.” Luqman, huyo ni mwanamke aliyetufundisha kuitikia tukiwa hatujajua kutembea. Wameweka vigingi vya chuma ufuoni, sawa, vigingi vinang’oleka. Hili la mama nani atalirudisha?

Sasa nikwambie ninachokijua, ambacho nimekinyamazia nikingoja ukiseme mwenyewe. Siku chache kabla ya mkutano ulimpigia mama simu. Ulimuuliza baba alikuwa akiimalizaje ile dua yake. Mama alifurahi mno, akaniita kutoka uani kunieleza kwamba mwanawe wa Nairobi bado ni mtu wa dua. Alikusomea yote, nami nilisimama karibu nikamsikia. Alikusomea mpaka mwisho, pale baba alipokuwa akisema, “Na wanaotutawala, watie hofu yako.” Hiyo ndiyo uliyoiacha. Mahali pake ukaweka aliyebeba mzigo wetu apewe nguvu. Na habari ya ufuo uliipachika katikati, kwa sababu ulijua, kuliko mtu yeyote aliyekaa ofisi ile ya kumwandikia Rais hotuba, kwamba watu wa kwenu hawawezi kuinyamazia dua. Sisi tulifikiri umekwenda huko kutusemea.

Usinijibu kwamba uliagizwa. Hotuba huagizwa. Dua ya baba hakuna aliyekuagiza, maana hapo ofisini hakuna aliyeijua.

Tumekwenda mahakamani Kwale. Wakili wetu ni Muindi, kijana wa mashamba ya juu, anafanya kwa moyo. Aliniuliza kama yupo anayeweza kueleza jinsi maneno yale yalivyotungwa na kwa nia gani. Nimempa jina lako. Samansi itakufikia kazini, na najua kazi yenyewe huenda ikaishia hapo, na najua watoto wako wanasoma kwa kazi hiyo. Nimelia kwa ajili yao, kisha nikampa na namba yako ya simu.

Mama sijamwambia. Bado anaamini Rais alimjua mumewe, na hilo peke yake ndilo linalompa nafuu. Sitaki alisikie kwa wakili wala kwa majirani. Njoo kabla ya siku ya kesi, ukae naye chini mkekani, umwambie wewe. Usije na karatasi.

Msalimie sana Twaiba, na wabusu watoto kwa niaba yangu. Kavenya anakusalimu, anasema ukija utakula muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe, kabla hajaanza kukugombeza. Na mama anakusalimu kuliko sote. Ameniagiza nikuambie kwamba anakuombea kila baada ya sala, ila siku hizi anaomba kimya, na hataki mtu amwitikie.

Ni mimi dada yako,
Mwanaima binti Salimu.