Sumaku ya Pini

Jumanne, 2 Julai 1996

Sumaku yangu ya pini haionekani. Nimeinua cherehani, nimefagia chini ya meza, nimemlaumu paka. Pini zimetapakaa sakafuni, na Nyarangi atakuja wiki hizi kujaribu gauni lake la harusi — achomwe nyayo?

Jioni nimeikuta. Iko mezani kwa mume wangu, juu yake karatasi, juu ya karatasi vumbi la chuma. Levis hata hakuinua kichwa. Eti amekopa tu, nyar Kegonga, atarudisha. Miaka mitatu ya ndoa na bado ananiita binti wa Kegonga, kana kwamba yeye mwenyewe hafundishi hapa hapa Kegonga.

Sababu ni mashindano ya walimu wa fizikia, Homa Bay, mwezi huu. Atakayeeleza jambo gumu vizuri zaidi kwa vifaa vya nyumbani anapelekwa Nairobi kusoma miaka miwili. Yeye amechagua jinsi nyota zinavyozaliwa. Nikamwambia hiyo si kazi ya wakunga? Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Nairobi, miaka miwili. Hapo mimi sikucheka.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya kanisa amenieleza yote. Kwa Kiswahili — mimi Mkuria, yeye Mjaluo, nyumba hii haina lugha nyingine. Neno likimkwama anachora hewani kwa kijiko.

Nilivyoelewa: kuna wingu kubwa la gesi na vumbi, giza tupu. Uzito wake wenyewe unalivuta lijikunje liwe nyota. Lakini limepitiwa na nguvu ya sumaku. Chembe chache za gesi zimenyang'anywa elektroni, zinaitwa ioni, na ioni hushikwa na sumaku. Chembe nyingine, ambazo ndizo nyingi mno, sumaku haizigusi. Hizo zingeanguka mara moja, ila njiani zinagongana na ioni, zinacheleweshwa. Zinapenya kidogo kidogo, mamilioni ya miaka, mpaka katikati panajaa, sumaku inashindwa kuzuia, na nyota inaanza.

Nikauliza ni nani anazinyang'anya. Mwanga wa nyota nyingine, akasema, na miali inayotoka mbali. Ndani kabisa mwanga haufiki, ioni ni chache, ndiyo maana huko ndiko kunakolegea kwanza.

Nikauliza tena: hizo ioni zinajua zinachelewesha nini? Akasema hiyo haiko kwa kitabu.

Nampenda akikosa jibu.

Alhamisi, 11 Julai

Mama Truphena, mama mkwe, amekuja kutoka Macalder na kopo la mchanga mweusi, ule wenye chuma unaobaki kwenye karai akiosha dhahabu. Alisema kitu kwa Kiluo na kucheka peke yake. Levis akatafsiri: takataka ndiyo mnataka? Basi dhahabu mniachie.

Levis amechanganya mchanga huo mweusi na mweupe wa mtoni ndani ya chupa ya jam, akabandika sumaku yangu ubavuni, akapindua. Mweusi ulishika. Mweupe — pwaa, wote chini.

"Hii imeharibika," akasema. "Nyota imezaliwa na hata sijafungua mdomo."

Anataka mweupe ushuke polepole, kama zile chembe ambazo sumaku haizigusi. Amejaribu jioni nzima. Hakuna. Nimemwekea omena mara ya pili, akala kwa ajili yangu tu.

Jumatano, 17 Julai

Kosa! Levis ameosha mchanga asubuhi ili rangi zionekane, akaniachia kazi moja: uanikwe ukauke kabisa. Nikauanika kwenye sinia. Nyarangi akaja, gauni likambana kifuani, akalia, nikafumua na kushona upya. Nje manyunyu yakapita juu ya sinia.

Nimeuzoa ukiwa na unyevu. Kesho tunasafiri mapema, jua la kuukausha liko wapi? Sijamwambia. Yuko hapo anapiga pasi shati lake na kuimba vibaya. Sijui kama nilisahau kweli au ni moyo uliotaka nisahau. Hilo naliandika hapa tu.

Ijumaa, 19 Julai. Homa Bay

Niko kwenye benchi nje ya ukumbi. Niandike haraka.

Alipindua chupa na hakuna kilichoanguka. Mweusi umeshikwa na sumaku, mweupe umeshikwa na mweusi kwa ule unyevu. Nilitaka ardhi inimeze. Levis akaitazama chupa, akanitafuta mimi kule nyuma, akajua.

Kisha punje chache zikaanguka. Zikafuata nyingine. Akaanza kusema, polepole, kwa mwendo wa mchanga wenyewe. Kwa Kiingereza, lakini nilimfuata kote, maana nilishayasikia kwa Kiswahili. Alipomaliza mweupe ulikuwa bado unashuka. Wazee wanaohukumu waliacha viti vyao wakaja kuinamia chupa.

Alipotoka nikamwambia habari ya manyunyu. Nikaomba msamaha.

"Wewe Robi, umeniokoa halafu unaomba msamaha?" Akanitupia koti, joto la ziwa limemshinda, akaniwekea sumaku kiganjani. "Si nilisema nitarudisha?"

Wakamwita tena ndani.

Dirisha liko wazi. Wanamuuliza kama yuko tayari kwenda Nairobi Septemba. Namjua — anafikiria kuni zangu, paa linalovuja, mimi na paka.

Sasa amesema: "Wacha kwanza niulize nyumbani."

Nyumbani ni mimi, hapa kwenye benchi, na koti lake magotini. Linanuka chaki na sabuni yetu. Sitaki aende. Nimelia kidogo, imetosha.

Nimeitia sumaku kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikafunga kifungo. Pini nitaziokota kwa vidole. Viatu vyake hivyo vinakuja mlangoni, mlango unafun—